Kelele Ndani ya Kizimba cha Shaba

Kikulacho ki nguoni mwako. Bila shaka aliyeitunga methali hii aliamka siku moja akiwashwa mwili mzima. Akapekua kitanda, akapekua mkeka, akaenda hadi kwa jirani kumtukana kwa uchafu wake, na jioni alipovua shati ndipo alipomkuta chawa ametulia kwenye pindo. Maana yake ni kwamba kinachomdhuru mtu mara nyingi hakitoki mbali. Kinakula naye na kulala naye, ilhali macho ya mwenyewe yako barabarani yakimsaka adui. Jambo hili halibagui mjinga wala msomi. Tena msomi ndiye hupekua mbali zaidi, kwa kuwa ana vifaa vingi vya kupekulia.

Msomi wetu aliitwa Profesa Tihamér. Alikuwa mkuu wa maabara ndogo ya ubongo katika mji wa Szeged, ghorofa ya nne, juu ya barabara yanakopita mabasi ya umeme. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kengele, na duniani aliogopa vitu viwili tu: makosa ya watu wengine na baridi ya figo. Hili la pili tusimcheke sana. Kwetu Szeged mtoto hufundishwa kuogopa upepo wa mlangoni kabla ya kufundishwa kuogopa magari, na mtu akikaa juu ya jiwe la baridi, hata bibi asiyemjua atamsimamisha na kumwuliza kama figo zake amezichoka.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kusikiliza seli za ubongo zikizungumza. Kila seli inapofanya kazi hutoa cheche ndogo ya umeme, ndogo kiasi kwamba cheche ya sweta linalovuliwa wakati wa baridi ni radi mbele yake. Ili kuisikia, daktari humfanyia panya upasuaji na kumwekea ubongoni kichana cha nyuzi sitini na nne za chuma, kila uzi mwembamba kuliko unywele. Ncha ya kila uzi hukaa jirani na seli chache, na habari zao hupita kwenye waya hadi kwenye kompyuta na spika. Seli yenye afya husikika kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Panya akitembea kwenye njia yake ya mbao, akifika kona fulani, seli fulani hupasuka paa, paa, paa, kisha hunyamaza akiiacha kona hiyo. Profesa Tihamér alikuwa na mwaka wa sita akichora ramani ya seli hizo, na alizipenda kuliko alivyowapenda watu wengi.

Vichana hivyo vilitengenezwa hapo hapo, kwa mkono, na fundi mmoja tu. Huyo alikuwa Boglárka, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mtoto wa fundi redio, ambaye maabara nzima ilimwita Bogi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameinamia hadubini akiunganisha nyuzi zile kwa lehemu. Hakunywa kahawa kabla ya saa sita mchana ili vidole visitetemeke, na kila alipotaka kugusa uzi alitoa pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kumfunika mtoto aliyelala. Vichana vyake viliombwa hata na maabara za nchi za mbali. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege.

Mwezi Desemba, Bogi alitengeneza kichana kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, nacho kikawekwa katika ubongo wa panya mweupe aliyeitwa Kifli, jina la mkate uliopinda, kwa sababu mkia wake ulipinda vivyo hivyo. Wiki ya kwanza seli zilisikika safi, moja moja, hata Profesa akasahau kumgombeza mtu. Ikaja Krismasi, watu wakaenda makwao, wakala supu ya samaki na kabichi iliyoviringishiwa nyama, wakarudi Januari wakiwa wamenenepa. Profesa akafungulia spika. Badala ya bisi, kukatoka mngurumo: trrrr ndefu, kimya kidogo, trrrr ndefu tena. Seli za Kifli zilikuwa chini yake mahali fulani, zimezama kama vijiko kwenye maji ya vyombo.

Jambo hilo halikuwa na muda wa kusubiri. Kichana hakidumu milele. Ubongo ukigundua mgeni humzungushia kovu polepole, na baada ya miezi michache sauti hufifia hata kama hakuna kelele. Zaidi ya hayo, katikati ya Machi kamati kutoka mji mkuu, Budapest, ilikuwa inakuja kusikiliza seli hizo kwa masikio yake na kuamua kama maabara iendelee au ifungwe. Profesa Tihamér akaingia vitani.

Adui wa kwanza alikuwa mabasi ya umeme. Profesa aliwaandikia wenye mabasi barua tatu, na wao wakamjibu kwa adabu kwamba mabasi yalikuwa yakipita pale tangu kabla hajazaliwa na panya wa zamani hawakulalamika. Basi akaamuru kizimba kiongezewe ukuta. Kizimba chenyewe kilikuwa chumba kidogo cha wavu wa shaba, kazi yake kuzuia umeme wa mjini usimfikie panya. Wavu ukawa wa safu mbili, kisha tatu, hata Kornél, daktari aliyesimamia kompyuta, akasema sasa hata dua haipenyi. Mngurumo haukupungua.

Adui wa pili alikuwa lifti. Ikazimwa, na watu wakaanza kupanda ghorofa nne kwa miguu wakihema. Wa tatu alikuwa daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara, ambaye mashine yake ilishukiwa. Profesa alimwendea mwenyewe kumkaripia, akaketishwa kwenye kiti apumzike, akaambiwa afumbue mdomo, na akarudi ana pengo moja na kelele zake zote. Wa nne alikuwa maikrowevu ya mkahawani, chombo pekee cha kupashia chakula pale, nayo ikaondolewa. Huyo ndiye aliyeleta chuki, kwa maana ilikuwa Januari, mto Tisza umeganda kingoni, na watu wazima wenye shahada wakawa wanakula kabichi ya baridi.

Etelka, mpishi wa mkahawa, alipanda ghorofa nne kwa miguu kuja kusema neno lake. Alisimama mlangoni hadi pumzi ikamrudia.

"Profesa, mimi nimepika hapa miaka kumi na tisa," alisema. "Panya wako ana kichwa, sikatai. Lakini hawa wengine wana matumbo."

Profesa alimjibu kwamba sayansi ina gharama zake. Etelka akamtazama kiunoni, alikoonekana kunenepa kidogo tangu Krismasi, akasema kwamba anaona gharama hizo haziwapati wote. Akashuka.

Mabasi yalipokuwa hayana kosa, na lifti, na meno, na kabichi, Profesa alitazama kulia na kushoto akitafuta wa kumtupia lawama, na macho yake yakaangukia meza ya Bogi. Alimwita ofisini siku ya Jumatatu.

"Bogi, tumeondoa lifti, tumeondoa maikrowevu, tumejenga ukuta wa shaba. Kimebaki nini?"

Bogi alisema kimebaki kujua kelele inatoka wapi.

"Imebaki mikono yako," alisema Profesa.

Bogi alimkumbusha kwamba kichana ni kile kile, na wiki ya kwanza kilisikika safi. Profesa alisema lehemu mbaya huchelewa kuonyesha ubaya wake. Kisha akafungua mtoto wa meza na kumwonyesha karatasi. Kamati ikishaondoka, alisema, maabara itaagiza vichana vya kiwandani kutoka ng'ambo, na meza ya Bogi haitakuwa na kazi tena. Barua ilikuwa tayari. Ilibaki kutiwa saini.

Maneno yale yalimchoma Bogi mpaka ndani. Kufukuzwa ni jambo moja, na mtu anaweza kulilia na kulisahau. Lakini kuambiwa kwamba mikono yako imeharibika, mikono ambayo ndiyo wewe mwenyewe, hilo humfuata mtu hadi kitandani. Nyumbani alianza kuvitazama vidole vyake vilivyoshika kikombe. Akamwambia mumewe kwamba labda uzee umeanzia hapo. Mumewe hakubishana. Alimletea sindano na uzi. Bogi akatunga uzi mara kumi bila kukosa, na bado hakuamini.

Hata hivyo mtoto wa fundi redio hafi kikondoo. Alikumbuka jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akisaka ngurumo za redio sokoni, akaomba mwiko mkuukuu kwa Etelka, akauzungushia waya mwembamba ncha yake mara mia mbili, akauunganisha na spika ndogo ya kutia mfukoni. Ukiusogeza mwiko ule karibu na kitu kinachotoa kelele ya umeme, spika hulia, ukiuondoa, hunyamaza. Jumamosi asubuhi, jengo likiwa tupu, alizunguka nao kila ghorofa. Alipita ngazini, mkahawani, kwenye swichi, kwenye taa, ndani ya kizimba chenyewe, na mwiko ulikuwa bubu kama jiwe. Jumatatu alipomweleza Profesa kwamba Jumamosi hapakuwa na kelele yoyote, Profesa alisema ni kwa sababu Jumamosi mabasi ni machache.

Bogi akaomba jambo moja tu: aruhusiwe kuingia kizimbani na mwiko wake wakati panya anasikilizwa. Hapo aligonga mwamba. Maabara ile ilikuwa na sheria ya miaka mingi, tangu siku mgeni mmoja alipopiga chafya na kuharibu kazi ya siku nzima. Spika haifunguliwi Profesa asipokuwepo, na wakati huo kizimbani anaingia panya na Profesa, basi. Yeye huketi humo kwenye kigoda, mlango umefungwa, magoti yake karibu na njia ya mbao, akimtazama Kifli anavyozunguka. Na tangu mngurumo uanze, alikuwa amekisogeza kigoda karibu zaidi ili asikie vizuri.

Wewe msomaji umekwisha kuona. Lakini wewe hujasoma miaka ishirini na tano.

Kornél, ambaye shingo yake ilikuwa imezoea kuitikia tu, siku moja alijipiga moyo konde. Alisema kwa sauti ndogo kwamba huenda, kwa bahati mbaya, Profesa ameingia na kitu mwilini, saa kwa mfano. Profesa alikasirika, lakini ni mwanasayansi, hakuweza kukataa jaribio. Akavua saa. Akatoa simu, funguo, kalamu. Akavua miwani. Akavua hata mkanda wa suruali, akarudi kizimbani ameishika suruali kwa mkono mmoja. Spika ikalia trrrr kama kawaida.

"Hakuna kingine, Profesa?" Kornél aliuliza.

"Labda unataka nivue na ngozi," alijibu Profesa, na Kornél akatazama kompyuta yake.

Lakini kulikuwa na kingine. Chini ya sweta, chini ya shati, juu ya fulana, Profesa Tihamér alikuwa amevaa mshipi wa kupasha figo moto. Mama mkwe wake, Bibi Rozália, alikuwa ameununua kwenye ile safari ya basi ya wazee kwenda mji wa Gyula, ambayo huanza kwa kutazama kasri na kumalizikia kwenye ukumbi ambamo kijana mwenye meno meupe anauza sufuria na blanketi mpaka watu wanunue ndipo basi liondoke. Akampa mkwewe siku ya Krismasi. Mshipi ulikuwa wa flaneli nyekundu iliyotariziwa maua, na mfukoni mwake mlikuwa na betri ndogo kama kiberiti, inayojiwasha na kujizima yenyewe kila baada ya sekunde chache ili isimwunguze mvaaji. Na ulipasha kweli. Tangu auvae, figo zake zilikuwa peponi, wala hakuuvua ila kwa kuoga.

Tabu ni kwamba mwaka jana Profesa huyu huyu alikuwa ameongea katika redio ya mjini kuhusu bangili za shaba na mishipi ya joto, akasema vitu hivyo hupasha moto mfuko wa muuzaji peke yake. Mji mzima ulimsikia. Basi siku ile aliposimama ameshika suruali, wazo lilimjia, akalifukuza. Alijiambia kwamba mshipi si kifaa, ni zawadi. Alijiambia kwamba betri ndogo kama kiberiti haiwezi kushinda basi zima la umeme. Kujidanganya ni kazi rahisi, kwa kuwa mdanganywaji naye anataka.

Siku ya kamati ikawadia, Alhamisi yenye theluji nyepesi. Walikuja watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Bibi Hedvig, mwanamke mfupi wa miaka sabini mwenye fimbo, aliyekuwa akisikiliza seli za ubongo kabla Profesa hajaota ndevu. Lifti ilikuwa imezimwa. Kamati ikafika ghorofa ya nne haina pumzi wala subira. Wakaletewa kahawa, ikawa ya baridi. Bibi Hedvig aliuliza kama maabara haikulipa umeme, na Kornél akaeleza habari za vita tangu mwanzo mpaka mwisho. Kadiri alivyoeleza, ndivyo nyusi za bibi yule zilivyopanda.

Profesa aliingia kizimbani na Kifli, akafunga mlango, akaketi kwenye kigoda. Kornél akafungulia spika. Trrrr, kimya kidogo, trrrr.

"Hii ndiyo sauti ya seli zako?" aliuliza Bibi Hedvig.

"Hapana, Bibi Mwenyekiti," Profesa alijibu kutoka nyuma ya wavu. "Hiyo ni sauti ya lehemu mbaya. Nasikitika kusema fundi wetu umri umempita. Tumekwisha kuchukua hatua."

Bogi alikuwa amesimama pale pale, kando ya dirisha. Uso ulimwiva. Kwa muda alidhani ataondoka, na miguu yake ilikwisha kugeuka. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake jeupe, akatoa mwiko.

"Bibi Mwenyekiti, naomba dakika tatu na ruhusa ya kuingia humo," alisema.

"Kizimbani anaingia panya na mimi," alisema Profesa.

"Leo ataingia na fundi," alisema Bibi Hedvig. "Fungua mlango."

Mlango ukafunguliwa. Bogi akaingia, akaufunga nyuma yake, akawasha spika yake ndogo. Alianzia palipomuuma, kwenye kichwa cha Kifli, pale waya wake ulipoungana na kichana. Spika ikakoroma kidogo tu. Akapeleka mwiko ukutani, mkoromo ukapungua zaidi. Akapita juu ya njia ya mbao kuelekea kigoda, na mkoromo ukaanza kupanda. Akagusa miguu ya kigoda, ukapanda. Akafika kwenye goti la Profesa, ukapanda tena. Profesa alirudisha goti nyuma, mwiko ukamfuata.

Hapo Bogi akawa mfanyakazi kama alivyo siku zote. Akaanza juu ashuke chini kwa utaratibu.

"Kichwani hakuna kitu," alisema.

Nje ya wavu Kornél alishikwa na kikohozi. Bogi hakuwa amekusudia mzaha, naye akaendelea: begani kidogo, kifuani zaidi. Alipofika kiunoni spika ile ndogo ilinguruma hata Kifli akasimama kwa miguu ya nyuma. Bogi akangoja. Ikanyamaza. Akangoja tena. Ikanguruma, na wakati huo huo spika kubwa ya maabara nayo ikanguruma, zote mbili kwa pamoja, zikanyamaza pamoja.

"Ni saa yangu," alisema Profesa.

"Saa yako iko hapa mezani, Profesa," alisema Kornél, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa miaka minane kumbishia.

Profesa Tihamér alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwiko kiunoni, kamati mbele yake, hana pa kukimbilia kwa sababu ukuta wa shaba ulikuwa wa safu tatu na aliujenga mwenyewe. Bogi aliinama kidogo, akasema kwa sauti ambayo wa nje hawakuisikia vizuri.

"Profesa, ni mikono yangu au si mikono yangu? Mimi nataka kujua hilo tu."

Profesa alimtazama. Huenda ndiyo mara ya kwanza tangu Januari kumtazama usoni na siyo vidoleni. Aliona kwamba mwanamke yule hakutaka kumwaibisha, wala hakuwa anafikiria kamati. Alikuwa anaogopa. Na aliyemtia woga ule wa wiki nyingi ni yeye. Basi akasimama, akainua sweta, akainua shati. Mshipi mwekundu ukaonekana, na maua yake, na kitaa kidogo cha kijani kinachopepesa. Akauzima mshipi.

Mngurumo ukakatika kama uzi. Kwa muda hapakuwa na kitu kabisa, halafu, kwenye ile spika kubwa, paa. Paa, paa. Kifli alikuwa amerudi kwenye mwendo wake, anazunguka kona ya kushoto, na seli ya kona ya kushoto ilikuwa inapasuka safi, moja moja, kama bisi za kwanza kwenye sufuria. Alipoiacha kona ikanyamaza. Nyingine ikachukua. Zilikuwa zimebaki zote, zilikuwepo muda wote.

Bogi alisimama ndani ya kizimba akiitazama mikono yake, akalia. Hakujificha. Bibi Hedvig alifumba macho akasikiliza mpaka Kifli akamaliza mizunguko mitatu, kisha akayafumbua.

"Kichana hiki nani amekitengeneza?"

"Bogi," alisema Profesa. "Na mimi nimekosa, Bibi Mwenyekiti. Siku niliyovua saa nilikwisha kuhisi ni mshipi huu. Sikutaka kujua. Nikamwacha yeye abebe lawama." Akamgeukia. "Bogi, nimekukosea."

"Umenikosea, Profesa," alisema Bogi akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Sana."

Bibi Hedvig alikuwa amesogea karibu na wavu, akiuchunguza ule mshipi.

"Huu ni wa safari ya wazee ya Gyula?" aliuliza.

"Wa Gyula," Profesa alikiri. "Mama mkwe alinunua."

"Ninao kama huo. Wa bluu. Unapasha kweli."

Uso wa Profesa ulichangamka kidogo, kama wa mtu aliyeona ndugu ugenini.

"Leo nimeuacha hotelini," alisema Bibi Hedvig. "Kwa sababu nilikuwa nakuja kwenye maabara."

Kamati iliandika ripoti nzuri. Seli za Kifli zilisikilizwa miezi miwili na nusu zaidi kabla kovu halijazifunika, na ramani ya njia yake ikakamilika. Lifti iliwashwa siku ile ile, kwa amri ya Bibi Hedvig, ambaye alikataa kushuka kwa miguu. Ile barua isiyotiwa saini Profesa alimpelekea Bogi mwenyewe, afanye nayo apendavyo. Bogi hakuichana. Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza yake ya hadubini, meza iliyokuwa ikiyumba tangu mwaka juzi na hakuna aliyejali. Haikuyumba tena.

Maikrowevu nayo ilirudishwa mkahawani. Etelka alimpashia chakula kila mtu, kuanzia daktari hadi mfagizi, lakini Profesa Tihamér alipakuliwa kabichi ya baridi kwa wiki tisa kamili, sawa na zile walizokula wenzake, na aliila bila neno. Mlangoni mwa kizimba palipigiliwa msumari, na juu yake mshipi mwekundu ukawa unaning'inia kila asubuhi, mwenyewe akiwa ndani na panya wake. Bibi Rozália alipopiga simu kuuliza kama zawadi inafanya kazi, mkwewe alimwambia kwa unyenyekevu kwamba inafanya kazi, mama, tena jengo zima limeiona.

Basi yeyote anayesikia mngurumo katika maisha yake, kabla hajawaandikia barua wenye mabasi, kabla hajazima lifti na kuwalisha wenzake kabichi ya baridi, na hasa kabla hajaitilia shaka mikono ya mwenzake, na ainue kwanza sweta lake: kikulacho ki nguoni mwako.